Jina na Nakala: Sura ya Muhammad Ali katika Serigrafia za Andy Warhol

Mnamo Agosti 1977 msanii Andy Warhol alitoka New York akaenda Deer Lake, katika jimbo la Pennsylvania, ambako Muhammad Ali alikuwa na kambi yake ya mazoezi. Alimpiga picha kadhaa kwa kamera ya Polaroid. Picha hizo zilitumika kwanza katika mfululizo wa michoro ya wanamichezo kumi mashuhuri. Kisha, mwaka 1978, zikatolewa karatasi nne zilizochapwa kwa serigrafia, nakala 150 za kila karatasi, zenye nambari na sahihi ya msanii. Uzuri wa karatasi hizo wafanyabiashara wa sanaa wamekwisha kuusifu vya kutosha. Sisi tunakusudia kuuliza ni utambulisho wa nani unaohifadhiwa humo, kwa kuwa aliyechorwa alikuwa mtu aliyepigania kwa miaka mingi haki ya kuitwa kwa jina lake.

Hapana budi tuieleze kwanza kazi yenyewe. Kitambaa chembamba, zamani cha hariri, huwambwa kwenye fremu ya mbao. Hupakwa dawa inayoganda ikipigwa na mwanga, na picha ya kamera huwekwa juu yake. Pale penye weusi wa picha dawa haigandi, nayo huoshwa kwa maji. Ndipo wino husukumwa kwa ubapa wa mpira upite katika vitundu vilivyobaki wazi mpaka kwenye karatasi. Kila rangi hudai fremu yake. Ufundi huu ulitumika sana kwa matangazo ya biashara na kwa vitambaa, yaani ni ufundi wa wingi. Warhol aliuingiza katika kazi zake mwaka 1962, na alipotoa sura ya Marilyn Monroe katika karatasi kumi, mwaka 1967, alichapa nakala 250 za kila moja.

Fremu ile ile ingeweza kuendelea kuchapa. Basi uchache wa nakala hautokani na chombo, bali na ahadi: msanii anaandika 12/150, na mnunuzi anaamini kwamba haitakuja kuwapo 151. Thamani yote ya fedha imesimama juu ya sahihi. Na sahihi hiyo si ya mwenye uso.

Hapo ndipo historia ya jina inapoingia. Ali alizaliwa Louisville, Kentucky, tarehe 17 Januari 1942, akaitwa Cassius Marcellus Clay kama baba yake. Mwezi Machi 1964, muda mfupi baada ya kutwaa ubingwa wa dunia, alipewa na Elijah Muhammad jina la Muhammad Ali, akalikataa la kwanza kuwa ni jina la utumwa. Magazeti mengi ya Marekani yaliendelea kumwita Clay kwa miaka. Ernie Terrell naye alimwita hivyo kabla ya pambano lao la Februari 1967 huko Houston. Ali alimpiga raundi zote kumi na tano huku akimuuliza, tena na tena, jina lake ni nani. Miezi miwili baadaye alikataa kuandikishwa jeshini kwa ajili ya vita vya Vietnam, akanyang'anywa ubingwa, na hakupata haki mbele ya Mahakama Kuu mpaka Juni 1971.

Yafaa kukumbuka kwamba msanii mwenyewe alizaliwa Andrew Warhola, mtoto wa wahamiaji kutoka kijiji cha Ulaya ya Mashariki kilichomo leo nchini Slovakia. Yeye aliondoa herufi moja tu ya mwisho, bila kelele, na hakuna aliyemgombeza. Katika wale wanamichezo kumi alikuwamo pia Kareem Abdul-Jabbar, aliyekuwa akiitwa Lew Alcindor hadi 1971.

Kwa msomaji wa Kongo jambo hili si geni. Ali alipomwangusha George Foreman katika raundi ya nane, Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, alikuwa katika nchi ambayo nayo ilikuwa imebadili jina, mwaka 1971, na ambayo mwaka 1972 iliwalazimisha raia kuacha majina yao ya ubatizo. Tofauti ni kubwa, na hatuoni sababu ya kuificha: Ali alilipokea jina jipya akalilipia kwa cheo chake, Wazaire waliamriwa. Baada ya 1990 wengi waliyarudia majina ya kwanza. Zaire ilikuwa pia na uchapaji wake wa sura: uso wa Mobutu ulienea katika vitenge (vikwembe, kama tusemavyo Lubumbashi) bila nambari wala sahihi, na wingi ndio uliokuwa makusudi yake. Ule ulikuwa uso wa kuamuru. Wa Ali ulichapwa ili wachache waumiliki.

Je, Warhol alimwelewa Ali? Kwa karatasi tatu tunasita. Rangi zilizokatwa kama vipande vya karatasi, na mistari iliyochorwa juu ya picha, ni zile zile alizowapa matajiri waliomlipa dola 25,000 kwa picha moja katika miaka hiyo. Lakini karatasi moja haina uso kabisa: ina ngumi tu, imekunjwa, imejaza nafasi. Hapo ule urembo wa magazeti umetoweka, na msanii ameacha kumtambulisha mtu kwa sura iliyozoeleka, akamtambulisha kwa kazi ya mkono wake. Hiyo nayo ilichapwa mara 150, ikatiwa sahihi ya Warhol kama zile nyingine.