Uzito Ulio Mkononi mwa Rubani

Chopa ikitua uwanjani Manyatta, macho yote huenda mlangoni. Ni mheshimiwa gani anashuka, amevaa kofia ya rangi gani, ameandamana na nani. Karibu hakuna anayetazama juu, kwenye shingo ya rota, ambako vyuma vichache vifupi vimeshika mapanga yote. Ukitaka kujua helikopta imetoka wapi, anza na vyuma hivyo.

Watu wa huku walijua ndege kama adui kwanza. Kati ya 1953 na 1955, ndege za Waingereza aina ya Harvard na Lincoln zilimwaga mabomu kwenye misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua, zikiwawinda wapiganaji wa Mau Mau. Msitu huo wa mlima ndio uliopakana na mashamba ya chai ya Manyatta ya leo.

Septemba 1970, helikopta ilipaa kuelekea mlima huohuo kuokoa mtu. Gerd Judmaier, daktari kutoka Austria, alikuwa ameanguka karibu na kilele cha Batian, mita 5,199 juu ya bahari, mguu umevunjika vibaya. Rubani Mmarekani, Jim Hastings, alijitolea kusaidia. Helikopta yake ikaanguka mlimani, akafa. Judmaier aliteremshwa kwa kamba baada ya siku nyingi, akapona.

Juu kule hewa ni nyepesi, na mapanga lazima yainamishwe zaidi ili yaibebe chopa. Kuinamisha si mchezo. Huhitaji digrii kuelewa hii. Mimi mwenyewe sina. Mkono wa kushoto wa rubani hushika wenzo unaoinamisha mapanga yote kwa pamoja, chopa ikapanda au ikashuka. Mkono wa kulia hushika fimbo inayoinamisha kila panga kwa zamu linapozunguka, chopa ikaenda mbele, nyuma au kando. Shida ni kwamba panga linalozunguka kwa kasi linataka kulala bapa. Ukiliinamisha, linapigana nawe, na vita hivyo vinashuka kupitia vile vyuma hadi kiganjani.

Historia ya helikopta ni, kwa sehemu kubwa, historia ya kutuliza vita hivyo. Mwaka 1923 Mhispania Juan de la Cierva alirusha ndege yenye mapanga ya bawaba, kila panga likiweza kupanda na kushuka lenyewe. Igor Sikorsky akarusha VS-300 yake Marekani mwaka 1939. Tarehe 8 Machi 1946, Bell 47 ikawa helikopta ya kwanza kupata cheti cha matumizi ya kiraia. Chopa zilivyozidi kuwa kubwa, misuli ya rubani ikashindwa, ndipo haidroliki ikaingia: mafuta yenye presha yakasukuma badala ya mkono. Hata Robinson R44, chopa ndogo iliyoanza bila haidroliki, ilipewa mwaka 2000.

Lakini haidroliki haikumstaafisha fundi. Kwenye AS350, rubani hufunzwa kupunguza mwendo haidroliki ikifa, maana kadiri unavyokimbia ndivyo fimbo inavyokuwa nzito. Na kwenye chopa isiyo na haidroliki, kubadilisha mapanga tu kunaweza kubadilisha uzito anaouhisi rubani. Fimbo ikiwa nzito kupita kiasi, mkono unachoka na unachelewa. Ikiwa nyepesi kupita kiasi, mkono unapitiliza.

Kwa hivyo fundi hufunga mizani ya ndoano kwenye fimbo, anavuta polepole, anasoma inaanza kusogea kwa nguvu kiasi gani. Analinganisha na kitabu cha mtengenezaji. Anakaza springi au anailegeza. Anapinda kidogo sana kile kibati chembamba kilicho ukingoni mwa panga. Kisha rota inazungushwa na swali ni moja: wenzo ukiachiliwa, unatulia, au unapanda na kushuka wenyewe?

Mkulima wa Manyatta anaijua mizani ya kuning'inia. Kwenye kituo cha kununulia majani chai, husimama hapohapo akiikodolea macho, kwa sababu kilo moja ikipotea ni pesa yake. Mshale wa fundi kwenye hanga hauna mtu wa kuukodolea.

Helikopta zetu tunazikumbuka kwa majina ya waliokufa. George Saitoti na Orwa Ojode, Ngong, 10 Juni 2012. Jenerali Francis Ogolla na wanajeshi wengine 9, Elgeyo Marakwet, 18 Aprili 2024. Sisemi ajali hizi zilitokana na fimbo nzito. Kila ajali ina chanzo chake. Nasema tunawajua abiria kwa majina yote matatu, na makanika hatumjui hata kwa moja. Yeye husaini daftari la matengenezo, anaosha mikono, anapanda matatu kwenda nyumbani.

Uchaguzi ukikaribia, chopa zitarudi Manyatta na vumbi lake. Ukipata nafasi ya kusogea karibu, achana na mheshimiwa kidogo. Muulize rubani ni nani alivuta ile mizani mara ya mwisho. Rubani mzuri atakuwa na jina la kukupa.