Historia Iliyolowa Mafuta ya Gia

Ukiinama uchungulie chini ya Land Rover ya zamani, utadhani imepinda. Haijapinda. Lile bonge la chuma kwenye ekseli, ambalo mafundi huliita difu, halikai katikati. Limesogezwa kulia, mbele na nyuma. Fuata propela kutoka kwenye difu na utafika kwenye sanduku la aluminiamu lililofungwa nyuma ya giaboksi. Hiyo ndiyo transfa. Wazee wetu wengi waliwahi kuliogopa, kulipanda ama kulisubiri gari lenye sanduku hilo, lakini kwenye vitabu vya historia tulivyosoma shuleni halimo.

Kazi yake ni hii. Gari la kawaida hupeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu mawili. La 4x4 linataka nguvu hiyo igawanywe, propela moja iende nyuma na nyingine mbele. Transfa hupokea mzunguko kutoka kwenye giaboksi, inaupitisha kwenye gia ya kati, halafu inautoa chini, pande zote mbili. Difu zimesogezwa kulia ili propela zikutane na mdomo huo.

Ndani ya gari, karibu na gia lever, kuna mikono miwili mifupi. Ukibonyeza ule wa njano, magurudumu ya mbele yanaingia kazini. Ukivuta nyuma ule mwekundu, gari linaingia gia nzito na magurudumu yote manne yanashikana bila kuulizwa. Kwenye Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, gia nyepesi ya transfa ni mizunguko 1.148 inayoingia kwa kila mmoja unaotoka. Ile nzito ni 2.35. Mwendo unashuka karibu nusu, nguvu ya kuvuta inakaribia maradufu. Ndiyo maana gari lenye injini ya kawaida tu liliweza kupanda mlima wenye tope likiwa limejaa watu.

Ila usijaribu hivyo kwa lami. Gari likikata kona, magurudumu ya mbele hutembea njia ndefu kuliko ya nyuma, na transfa hii haina difu ya kati ya kusuluhisha ugomvi huo. Kwenye tope magurudumu huteleza kidogo, mambo yakaisha. Kwenye lami hayatelezi, kwa hivyo propela zinajikaza, usukani unakuwa mzito, na mwishowe kitu kinakatika. Range Rover ya 1970 ndiyo iliyokuja na difu hiyo ya kati.

Hayo yote yalianza na shamba na uhaba. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa akitumia Jeep kuukuu ya jeshi la Marekani kwenye shamba lake huko Anglesey, Wales. Akataka ya kwake. Uingereza wakati huo chuma kiligawiwa kwa mgao, ndiyo bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Giaboksi wakachukua ya gari dogo waliokuwa nayo tayari, wakaifungia transfa nyuma. Tarehe 30 Aprili 1948 gari likaonyeshwa Amsterdam. Lilikusudiwa kuziba pengo tu hadi biashara ya magari ya kifahari irudi. Uundaji wake ulikoma Januari 2016, zaidi ya milioni mbili baadaye.

Shika hilo neno uhaba, nitalirudia.

Kwetu, gari la mkulima lilifika likiwa limevaa sare. Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na kuanzia 1954 zaidi ya watu milioni moja Mkoa wa Kati walihamishiwa kwa nguvu kwenye vijiji vilivyozungushiwa mitaro na seng'enge. Polisi na wanajeshi walizunguka kwa Land Rover. Nyanya yangu alikuwa msichana mdogo kwenye kijiji kimojawapo, upande wa Nyeri. Haikumbuki rangi ya gari wala sura ya dereva. Anakumbuka mlio.

"Tulikuwa tunaisikia kabla hatujaiona," aliniambia. "Ikianza kulia hivyo mlimani, mama anazima moto."

Mlio huo ni gia za transfa. Gia nzito ikipanda mlima hulia kama mtu anayeng'ang'ana na mzigo. Yaani sauti ambayo mhandisi wa Rover angeona ni kelele ndogo isiyo na madhara, kwa nyumba ya nyanya ilikuwa habari kamili: nani anakuja, kutoka wapi, na umebakiwa na dakika ngapi.

Uhuru ulipokuja, gari lilibaki, abiria wakabadilika. Sasa akakaa mle DC mpya, polisi mpya, daktari wa chanjo, mwalimu anayepeleka mitihani. Miaka ya 1970 kiwanda cha Leyland kule Thika kikaanza kuziunganisha hapa hapa nchini. Kisha Land Cruiser ya Toyota ikazichukulia kazi moja baada ya nyingine, na Land Rover za serikali zikaanza kupigwa mnada. Nyingi zikaishia mikononi mwa mafundi.

Wale wa Nairobi wengi wako Grogan. Kwenye ramani barabara ile ni Kirinyaga Road, lakini jina la zamani limekataa kufa. Ewart Grogan ni yule mlowezi ambaye mwaka 1907 aliwachapa viboko Wagikuyu watatu hadharani, mbele ya mahakama ya Nairobi. Leo ukisema "nampeleka gari Grogan", unamaanisha unaenda kutafuta mikono inayojua kazi. Sijui kama kuna kisasi kizuri zaidi.

Nimekaa huko siku nzima nikitazama Series III ikifunguliwa transfa. Fundi aliiendesha kwanza, kimya, kichwa kimeinama upande. Alikuwa anasikiliza mlio. Akarudi akasema beringi za gia ya kati zimekwisha.

Kazi yenyewe haina uchawi. Unafungua nati ya chini na kumwaga mafuta, ukiangalia kama yana unga wa chuma. Unafungua propela ya nyuma, halafu dramu ya handibreki, kwa sababu handibreki ya gari hili haishiki magurudumu, inashika shafti inayotoka kwenye transfa. Unatoa kifuniko cha chini. Sasa unaiona gia ya kati, imening'inia kwenye shafti yake. Unatoa kibati kinachoizuia shafti, kisha unaivuta kurudi nyuma taratibu.

"Kijana, weka mkono hapo chini. Shafti ikitoka, gia inakuja na yote yake."

Ikaja, nzito na yenye utelezi, pamoja na beringi zake na washa mbili pana, moja kila upande. Shafti ilikuwa imechimbika mahali roli zilipokuwa zikizunguka. Nilipitisha kucha nikahisi mfereji.

Na hapo ndipo uhaba unaporudi. Sanduku lile liliundwa na watu wasiokuwa na vifaa vya kutosha, kwa ajili ya mkulima aliye mbali na gereji. Kwa hivyo linafunguka kwa spana za kawaida, ukiwa umelala chini kwenye kadibodi. Dola iliyolileta haikukusudia kutuachia kitu tunachoweza kukijua mpaka ndani. Lakini kitu kinachofunguka hakiulizi anayekifungua ni nani. Mafundi walijifunza kwa kushika, wakafundishana, na hakuna aliyewaandikia cheti wala kitabu.

Yule fundi sasa ana vijana wawili, na wote wanataka kujifunza mashine ya kusoma kompyuta za magari. Siwalaumu, huko ndiko pesa iko. Ila akiondoka yeye, ataondoka na sikio lake.

Kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyewahi kuendesha, kutengeneza au kukimbia gari hilo, washa rikoda ya simu umuulize lilikuwa linaliaje. Wa kwetu nimeshamrekodi. Aliuiga mlio mwenyewe, kwa mdomo, kisha akacheka.