Mguu uliovunjika Mtowisa na elimu ya tabibu wa bondeni

MTOWISA ipo chini, katika Bonde la Ziwa Rukwa. Sumbawanga ipo juu, kwenye uwanda wa Ufipa. Kati yake imesimama safu ya Lyambalyamfipa, na barabara ya kupanda huwa na taabu kubwa wakati wa masika.

Kwa majeruhi ambaye mfupa umetokeza nje ya ngozi, mwendo huo waweza kuamua kama atabaki na mguu wake. Ndiyo maana ujuzi wa tabibu wa bondeni, anayempokea kwanza, una uzito kuliko ule wa bingwa aliye mbali.

Eneo lenyewe si geni kwa maafa. Desemba 13, 1910, tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4 lilipiga Rukwa, kubwa kuliko yote yaliyorekodiwa Afrika Mashariki katika karne ya 20. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mashariki mwa Kongo, kumekuwa na vita kwa miongo kadhaa.

Elimu ya kutibu mikono na miguu katika mazingira hayo imetokana zaidi na makosa. Baada ya tetemeko la Haiti la Januari 2010, timu nyingi za kigeni zilikimbilia huko, baadhi zikiwa hazina ujuzi unaostahili, na kukazuka malalamiko kwamba viungo vilikatwa pasipo sababu ya kutosha. Shirika la Afya Duniani (WHO) likatoa viwango vya timu za dharura mwaka 2013. Mwaka 2016 ukatoka mwongozo mahususi wa majeraha ya viungo, ulioandaliwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu pamoja na taasisi ya AO ya Uswisi.

Kamati hiyo ilikuwa na uzoefu wa karibu. Tangu 1987 hadi 2006 iliendesha hospitali ya Lopiding, Lokichoggio, kaskazini mwa Kenya, iliyotibu majeruhi wa vita vya Sudan.

Fundisho lake la msingi huwashangaza wengi: jeraha la risasi, au la mfupa uliotoka nje, lisishonwe siku hiyo. Huoshwa kwa maji safi mengi, nyama iliyokufa huondolewa, kisha huachwa wazi chini ya bandeji. Likiwa safi, hufungwa baada ya siku nne au tano hivi. Likishonwa mapema, uchafu hubaki ndani na usaha hutunga. Dawa za kuua bakteria na kinga ya pepopunda hutolewa mapema iwezekanavyo, na mguu hutulizwa kwa banzi.

Hogo la kuzunguka mguu mzima halifai katika saa za mwanzo. Mguu huvimba, damu ikakosa njia, misuli ikafa. Hatari ni ileile kwa vijiti vinavyokazwa mno na waunga mifupa wa vijijini. Maumivu yanayozidi hata baada ya dawa, hasa vidole vinaponyooshwa, ni ishara ya kulegeza vifungo mara moja, bila kusubiri gari.

Ukanda huu ulikuwa na tabibu wa namna hiyo zamani. Adrian Atiman, aliyetekwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi na kukombolewa na Wamisionari wa Afrika, alisomea tiba Malta, akafika Karema mwaka 1889, enzi ambazo wavamizi wa biashara ya watumwa walikuwa bado wakitamba kandokando ya ziwa. Alihudumu hadi kifo chake mwaka 1956. Hospitali iliyopo Sumbawanga ina jina lake.

Mguu ukishakatwa, safari huwa nyingine. Chuo cha mafundi wa viungo bandia kilianzishwa Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, mwaka 1981, upande wa pili wa nchi ukitazama kutoka Rukwa. Na mguu wa bandia wa mtoto hauvaliwi milele; kila anaporefuka, hana budi kupimwa na kutengenezewa mwingine.