Ukuta wa Mlimani: Nidhamu ya Wanafunzi na Mwelekeo wa Maneno

Mwanafunzi wa chuo cha umma hukutana na kanuni za nidhamu mara mbili: siku ya usajili, anapotia saini fomu ambayo hajaisoma, na siku anapopokea barua ya kuitwa mbele ya kamati. Katikati ya siku hizo hakuna anayezijali. Hata wanataaluma, wanapotetea uhuru wa kitaaluma, huwa wanamaanisha uhuru wa mhadhiri. Mwanafunzi huachwa kwa mlezi wa wanafunzi na mwanasheria wa chuo. Katika makala haya nachukua historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, maarufu kama Mlimani, kati ya 1966 na 1990 na kudai kwamba, katika miaka hiyo, nidhamu ilipima maneno kwa kuangalia yanakoelekea. Yaliyoelekezwa juu, kwa wenye madaraka, yaliadhibiwa upesi. Yaliyoelekezwa kwa mwanafunzi asiye na wa kumtetea yalivumiliwa kwa miaka na miaka, mpaka mtu akafa.

Tuanze na tukio ambalo ni gumu kulitetea. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga mpango wa kuwaingiza wahitimu katika Jeshi la Kujenga Taifa kwa lazima, huku sehemu kubwa ya mishahara yao ikikatwa. Wapo waliobeba mabango yaliyodai kwamba afadhali ukoloni. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao karibu wanafunzi 400, na papo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Kwa nchi iliyokuwa na wasomi wa kuhesabika, hoja ya vijana wale ilikuwa ya kibinafsi, na sioni haja ya kuipamba. Mwalimu alikuwa na haki ya kuwajibu kwa ukali, na kitendo cha kujikata mshahara kilikuwa jibu zito kuliko hotuba yoyote. Lakini jibu na adhabu ni vitu viwili. Angeweza kuishia kwenye jibu.

Miaka minne baadaye waliofungwa mdomo walikuwa watu wa aina nyingine kabisa. USARF, kikundi cha wanafunzi kilichoanzishwa 1967 na ambacho Yoweri Museveni aliwahi kukiongoza, kilikuwa kikitoa jarida la Cheche. Mwaka 1970 jarida hilo lilitoa toleo maalumu lenye andiko la Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka nchini. Novemba mwaka huohuo kikundi na jarida vikapigwa marufuku, kwa maelezo kwamba vijana wa chama tawala, TANU, walitosha. Hawa hawakuwa wakidai mishahara. Kosa lao lilikuwa kuuchukulia ujamaa kwa uzito kuliko baadhi ya waliopewa kazi ya kuujenga.

Julai 1971 zamu ilikuwa ya rais wa serikali ya wanafunzi, Symonds Akivaga, raia wa Kenya. Aliandika barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo, Pius Msekwa, ambaye alikuwa ametoka kwenye uongozi wa TANU, akilalamikia jinsi chuo kilivyokuwa kikiendeshwa. Alifukuzwa, na askari wa kutuliza ghasia (FFU) wakaja Mlimani kumchukua. Wanafunzi wenzake waligoma. Jambo linalonishughulisha hapa ni utaratibu wenyewe: malalamiko yalihusu utawala, na utawala uleule ndio ulioamua kwamba malalamiko hayo ni utovu wa nidhamu. Hakukuwa na mtu wa tatu.

Kisha tarehe 5 Machi 1978 wanafunzi waliingia barabarani kupinga nyongeza ya maslahi ya wabunge na mawaziri. Polisi waliwatawanya, mamia wakafukuzwa, na chama chao, DUSO, kikavunjwa. Mahali pake pakaja MUWATA, kilichokuwa chini ya uangalizi wa chama tawala. Ukiliweka tukio hili kando ya lile la 1966, kitu kimoja kinajitokeza. Mwaka 1966 dola iliwaambia wanafunzi kwamba wanajipendelea. Mwaka 1978 wanafunzi waliiambia dola neno hilohilo. Hoja ziligeuka kinyume, adhabu ikabaki ileile. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba kilichoadhibiwa ni ubaya wa hoja.

Wakati huohuo, kwenye kuta za Mlimani, kulikuwa na sauti nyingine ambayo haikuhitaji kibali cha mtu. Punch ilikuwa gazeti la ukutani lisilo na mhariri anayejulikana. Karatasi zilibandikwa usiku, na asubuhi kundi lilikuwa limeshajaa mbele yake kabla ya kipindi cha kwanza. Ilianza kama dhihaka, ikiwacheka wakubwa na majivuno ya wasomi, na wapo waliosoma Mlimani enzi hizo ambao bado huikumbuka kwa kicheko. Lakini iliwalenga zaidi na zaidi wanafunzi wa kike, hasa waliomkataa fulani. Msichana alichorwa uchi, akapewa jina la aibu, siri za kweli na za kutunga zikaandikwa chini ya mchoro. Halafu ikaja sehemu ya pili ya adhabu: aliyeonekana akila naye au akitembea naye alijiweka katika hatari ya kuandikwa yeye pia. Mzee Punch, kama alivyoitwa, hakuwa na sura. Naye aliyeandikwa hakuwa na wa kumjibu.

Kuna wanaoeleza Punch kama matokeo ya ukandamizaji: milango ya siasa ilifungwa, wakabaki na ukuta. Maelezo hayo yana ukweli wake, kwani baada ya 1978 ukuta ulikuwa miongoni mwa sehemu chache ambapo mwanafunzi angeweza kumsema kiongozi bila kupita kwa msimamizi. Hayatoshi, hata hivyo. Punch ilikuwepo kabla DUSO haijavunjwa, na hakuna siasa yoyote iliyohitaji kumvua nguo msichana wa mwaka wa kwanza. Wala si sahihi kuichukulia kama kilele cha uhuru wa maoni. Kazi yake kubwa ilikuwa kunyamazisha. Msichana aliyeandikwa aliacha kwenda kantini, aliacha kunyoosha mkono kwenye semina, aliacha kugombea uongozi. Na wenzake, wakishaona yaliyompata, walijifunza kukaa kimya kabla hawajaguswa. Anayedai kwamba kuizuia Punch kungepunguza uhuru wa kusema anahesabu sauti za waandishi tu, na anasahau zile walizozizima.

Februari 1990 mwanafunzi mmoja wa kike alijiua baada ya kunyanyaswa kwa njia hiyo. Ilibidi ifike huko ndipo jambo lililokuwa likiitwa utani wa wanafunzi lianze kuitwa kosa.

Mwaka huo una mambo yaliyobanana ajabu. Mwezi Aprili wanataaluma wa vyuo vya Tanzania walipitisha Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa kitaaluma. Wakati huohuo wanafunzi waligoma kuingia madarasani kwa sababu ya hali ya elimu na fedha zake, na maandishi ya kumkejeli Rais Mwinyi, ambaye pia alikuwa Mkuu wa Chuo, yakaonekana kwenye kuta. Mwezi Mei chuo kikafungwa, na kikabaki kimefungwa mpaka mwaka mpya. Ukuta ulikuwa uleule na kalamu zilezile. Ulipomsema msichana, ulisomwa kwa miaka huku watu wakicheka. Ulipomgusa mkuu wa nchi, kila mtu alitakiwa afungashe.

Basi, kanuni kali dhidi ya unyanyasaji ingemaliza tatizo? Chuo Kikuu cha Michigan, ambacho nacho ni cha umma, kilijaribu mwaka 1988. Baada ya matukio ya kibaguzi dhidi ya wanafunzi weusi, kiliandika sera ya kuzuia maneno yanayomdhalilisha mtu kwa rangi, jinsia na mengineyo. Mwanafunzi wa uzamili wa saikolojia ya kibaiolojia akaenda mahakamani, akihofu kwamba hata kujadili darasani nadharia za tofauti za kimaumbile kati ya wanawake na wanaume kungeweza kumtia hatiani. Mwaka 1989 mahakama ya shirikisho iliibatilisha sera hiyo: ilikuwa pana mno, na haikuwa wazi kiasi cha mtu kujua mwisho wa ruhusa na mwanzo wa kosa. Nia ya chuo ilikuwa njema. Kifungu ndicho kilichokuwa kibovu.

Kwetu Haki za Binadamu ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na tangu 1988 zinaweza kudaiwa mahakamani. Ibara ya 18 inalinda uhuru wa maoni na Ibara ya 30 inaruhusu mipaka. Chuo cha umma kinafungwa na ibara hizo. Ila kanuni za nidhamu bado hupenda maneno yasiyo na kingo, hasa lile kosa la kukishushia chuo hadhi. Kosa hilo lingemkamata Akivaga bila taabu. Mwandishi wa Punch lingempita, kwa kuwa yeye alimshushia hadhi msichana, na chuo kilibaki na heshima yake. Kifungu cha maana kingeuliza maswali mengine: maneno yamemlenga mtu kwa jina au kwa sura, au yamelenga ofisi na uamuzi wake? Yamerudiwa baada ya kukatazwa? Yamemwondoa darasani, bwenini, kwenye uchaguzi? Kiongozi anayekejeliwa ana jukwaa la kujibu na anapaswa kulitumia. Siku hizi ukuta umehamia kwenye makundi ya WhatsApp, na maswali hayo yanatumika huko vilevile.

Linabaki suala la utaratibu, na hapa ndipo ningeanzia kama ningepewa kalamu nyekundu. Mwaka 2019 viongozi wa DARUSO, serikali ya wanafunzi ya chuo hichohicho, waliipa Bodi ya Mikopo saa 72 kushughulikia fedha za wanafunzi, na kilichofuata kilikuwa kusimamishwa. Barua za aina hii huandikwa kwa lugha ya upole, kwamba mhusika anasimamishwa kupisha uchunguzi. Kwa mtumishi wa serikali anayeendelea kupokea mshahara, hilo laweza kuwa jambo la kati. Mwanafunzi hukosa bumu, yaani fedha za kujikimu, hukosa chumba, hukosa majaribio na mitihani ya muhula. Akija kuonekana hana hatia baada ya miezi mitano, mwaka umeshampita na hakuna kamati inayoweza kumrudishia. Kwa kosa la maneno peke yake, lisilo na tishio kwa mwili wa mtu, kusimamishwa kabla ya kusikilizwa kungefutwa kabisa, na shauri lolote ambalo mlalamikaji wake ni utawala lingesikilizwa na watu ambao utawala haukuwateua.