Safu ya Lugha: Gofu na jengo la kale

Wageni wanaofika Peramiho siku hizi huandika mitandaoni kwamba wamepiga picha kwenye “magofu ya Wabenediktini”. Magofu! Abasia ambayo kengele zake zinalia na watawa wake wanasali? Gofu ni kiunzi: nyumba iliyobaki kuta, paa limekwenda. Ndiyo maana mtu aliyekonda hadi mifupa tukamwita gofu la mtu. (Mchezo wa fimbo na kijipira haumo, jina lake ni neno la kigeni.) Misheni hii ya mwaka 1898 ilipochomwa katika Vita vya Maji Maji mwaka 1905, hapo gofu lilikuwepo. Ikajengwa upya. Kilwa Kisiwani kuna magofu kweli. Hame ni jingine, limetokana na kuhama: watu wameondoka, hata kama nyumba ni nzima.

Kwa Peramiho sema “majengo ya kale”, ingawa hapo wanasheria watakukatiza. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja jengo la kabla ya 1863. Changa zaidi ya hapo husubiri tangazo la Waziri.