Kutoka kiboko hadi kola ya shoti

Najua wengi mnapiga msuli na madesa yenu, lakini leo naomba niwatoe huko kidogo. Wiki hii ba'mdogo kanipigia simu kutoka Mpanda. Kuna mtu kamwonyesha video ya Mzungu anayefundisha mbwa kwa rimoti: mbwa akikimbiza swala, jamaa anabonyeza, mbwa anaruka na kurudi mbio. "Mwalimu," akasema (nyumbani wameshaanza kuniita hivyo wakati digrii yenyewe sijaishika), "hicho kidude kinapatikana huko? Nataka niwafunge mbwa wangu wa machungani."

Nikamwambia, shikamoo yako ipo palepale baba, ila ngoja nikasome kwanza. Nimesoma. Na historia ya kidude hicho inapita karibu na kwetu kuliko nilivyodhani.

Chenyewe si cha ajabu. Ni kola ya shingoni yenye betri, kipokea mawimbi ya redio na vyuma viwili vinavyogusa ngozi. Mwenye mbwa ana rimoti. Akibonyeza, mbwa anapigwa shoti. Nyingi siku hizi zina viwango, kuanzia kidogo hadi kikali, na nyingine zinaweza kutetemeka tu au kulia. (Msichanganye na zile kola wanazovishwa tembo na simba kwenye hifadhi. Zile kazi yake ni kuonyesha mnyama yuko wapi, hazimpigi shoti.)

Sasa turudi nyuma. Sisi watu wa Katavi ukitutajia kiboko tunamfikiria yule wa mto Katuma. Kiangazi maji yakikauka, viboko kwa mamia wanabanana kwenye vidimbwi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na watalii wanalipa dola kuja kuwatazama. Lakini kuna kiboko cha pili, kile cha kuchapia, na jina kilipata kwa mnyama huyo huyo. Ngozi yake nene ilikatwa vipande virefu, ikakaushwa, ikawa mjeledi. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kwenye Kongo ya mfalme Leopold, waliuita chicotte. Na Karema, ambayo leo iko ndani ya mkoa wetu, ilianzishwa mwaka 1879 na Wabelgiji wa chama cha Leopold huyo huyo, kabla ya kukabidhiwa kwa mapadre wa White Fathers mwaka 1885. Alipokuja Mjerumani adhabu ikawa na hesabu yake kabisa: hamsa ishirini, yaani viboko 25. Wazee wetu waliitamka kama jina la ugonjwa.

Mwaka 1910, Wajerumani wakiwa bado wanatutawala, afisa wa polisi huko kwao aitwaye Konrad Most alichapisha kitabu cha kufundisha mbwa wa kazi. Sifa na zawadi zimo, na alijua kwamba kuchelewa kidogo tu kunaharibu somo zima. Lakini uti wa mgongo wa kitabu ni kulazimisha: kamba, kola yenye miiba, kipigo. Wafundisha mbwa wengi wa jeshi na polisi Ulaya walifuata njia hiyo kwa miaka mingi.

Hapa ndipo wale jamaa zetu wa Saikolojia ya Elimu wanapoingia. Thorndike, mwaka 1911: tendo linaloleta raha hujirudia, linaloleta maumivu hufifia. Wengi wetu tunaandika hivyo kwenye mtihani, tunachukua maksi zetu, tunaondoka. Kumbe mwanzoni mwa miaka ya 1930 Thorndike mwenyewe alirudi akarekebisha! Akasema zawadi kweli inaimarisha, ila adhabu haina nguvu sawa ya kufuta. Skinner naye mwaka 1938 akaeleza habari za panya waliopigwa makucha kila walipobonyeza kitufe. Waliacha kwa muda. Kipigo kilipokoma wakaanza tena, na mwisho wa hesabu walikuwa wamebonyeza karibu mara zilezile kama wale ambao hawakupigwa. Mimi hili sikuliona kwenye desa lolote.

Sasa kola. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wawindaji wa Marekani walikuwa na tatizo moja: mbwa wa kuwinda anakimbia mbali, na mjeledi haumfikii. Redio ikamaliza tatizo. Kampuni ya Tri-Tronics ilianza Tucson, Arizona, mwaka 1968, na mwaka 2011 ikanunuliwa na Garmin, hao hao wa mashine za GPS. Kola za mwanzo zilikuwa kali na hazikuwa na kupunguza. Kwa lugha ya nyumbani, kilikuwa kiboko chenye mkono mrefu.

Je, kinafanya kazi? Tuseme ukweli, kwa kazi moja kinafanya. Mwaka 2024 watafiti wa Arizona State University walijaribu kuwafundisha mbwa waache kukimbiza kitu kinachokimbia. Wale wa kola waliacha haraka, wale waliofundishwa kwa chakula walishindwa. Lakini utafiti wa Lincoln, Uingereza, uliotolewa 2020 na kuhusisha mbwa 63, uliangalia utii wa kawaida wa kuja ukiitwa na kukaa, ukakuta kola haikushinda zawadi. Na ule wa Uholanzi wa 2004 ndio ulionikosesha usingizi. Mbwa wa polisi waliofundishwa kwa shoti walionyesha woga hata wakiwa wanatembezwa tu bustanini, hakuna mafunzo, hakuna shoti. Kumwona tu bwana wao kulitosha.

Maana yake ni kwamba wewe unajua umempiga shoti kwa sababu ya swala, lakini mbwa ndiye anayeamua shoti imetoka wapi. Anaweza kuamua imetoka kwa swala. Anaweza kuamua imetoka kwako, au kwa mtoto aliyekuwa anapita na ndoo. Kwa mbwa wa ba'mdogo hili si jambo dogo. Wafugaji waliohamia kwetu kutoka Usukumani wanamtegemea mbwa usiku fisi akija zizini. Mbwa aliyejifunza kwamba ukimwangalia mnyama wa porini shingo inaungua, huyo fisi akija atafanya nini? Nilimweleza hivyo ba'mdogo. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza bei.

Wales walipiga marufuku kola hizi mwaka 2010, na Ujerumani mahakama ya juu ya mambo ya utawala ilithibitisha katazo la kuzitumia mwaka 2006. Nchi ya Konrad Most hiyo.

Lakini wadau, jibu lenyewe liko hapa hapa chuoni kwetu, na wengi tunalipita tukienda kula. APOPO, wale wa panya buku! Shirika lilianzishwa Ubelgiji mwaka 1997 na Bart Weetjens, na mwaka 2000 likahamia Morogoro kwa ushirikiano na SUA. Panya anaanza shule akiwa na wiki chache tu. Kwanza anazoea watu. Kisha anajifunza kwamba kile kimlio cha "tik" maana yake kinakuja kipande cha ndizi au karanga. Baada ya hapo anajifunza harufu ya baruti. Akiipata anakwangua, tik, ndizi. Akikwangua pasipo na kitu hapati ndizi, basi. Hakuna shoti wala kofi. Kwa muda wa miezi tisa hivi anakuwa fundi. Magawa, aliyezaliwa hapa hapa SUA, aligundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100 kule Kambodia, akapewa nishani ya dhahabu ya PDSA mwaka 2020, wa kwanza kwa jamii ya panya. Alikufa Januari 2022.

Nimefikiria sana kwa nini hakuna aliyewafunga kola ya shoti hao panya. Huruma ni sababu, lakini si yote. Panya anayenusa bomu anakuletea habari ambayo wewe huna. Huwezi kumkamua. Shoti inaweza kumzuia mnyama asifanye jambo, ila haiwezi kumfanya akuambie anachokijua. Panya anayeogopa kukosea ataona salama yake ni kukaa kimya, na ukimya wa panya kwenye uwanja wa mabomu ni mguu wa mtu.

Ndiyo hivyo hivyo kwa mbwa wa kunusa pembe za ndovu. Kati ya 2009 na 2014 tembo wa Tanzania walishuka kutoka kama 109,000 hadi kama 43,000. Mwaka 2014 African Wildlife Foundation wakaanza kufundisha mbwa karibu na Arusha kwa ajili ya bandari na viwanja vya ndege. Mbwa wa kazi hiyo kwa kawaida hulipwa mpira wa kuchezea. Mpira tu!

Sasa sisi. Kanuni za 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi 4, atoe mkuu wa shule au aliyeruhusiwa naye kwa maandishi. Zile za 1979 ziliruhusu 6. Kutoka 25 tumepunguza, nakubali. Lakini sote tumekaa kwenye darasa ambalo mwalimu anauliza "nani anajua?" huku fimbo iko mezani, na tunajua mikono mingapi huwa inanyooka.

Mimi nimeomba mazoezi ya kufundisha nipangiwe nyumbani, Mpanda. Baiolojia, kidato cha pili. Ndizi za kuwatosha wote sina, bumu lenyewe mnalijua, teh teh. Kipindi cha kwanza nataka niwaulize wanafunzi wa Katavi kiboko anakula nini, na niandike ubaoni kila jibu litakalokuja, hata lile la samaki.