Marekani: Je, duka lililouza bunduki linaweza kudaiwa fidia kwa mauaji?

Mtu akinunua panga sokoni kisha akamjeruhi jirani yake, hakuna anayemfuata muuza mapanga. Lakini vipi ikiwa muuzaji alijua mnunuzi ana nia mbaya, au aliuza kinyume cha sheria? Nchini Marekani swali hilo limebishaniwa mahakamani kwa miaka mingi, na bidhaa yenyewe ni bunduki.

Ni kesi za aina gani?

Ni kesi za madai, si za jinai. Aliyefyatua risasi hushitakiwa na serikali na anaweza kufungwa jela. Katika kesi ya madai, majeruhi au familia ya marehemu hulishitaki duka au kiwanda na kudai fidia ya fedha. Hoja yao ni kwamba uzembe wa muuzaji ndio uliofikisha silaha mikononi mwa mhalifu.

Zilianza lini?

Mwaka 1998 miji ya New Orleans na Chicago ilivishitaki viwanda vya bunduki, na miji mingine ikafuata. Ilidai irudishiwe gharama za polisi na matibabu. Kesi nyingi zilitupwa.

Mwaka 2002 watu wawili waliua watu 10 kwa risasi katika eneo la Washington. Bunduki waliyotumia ilitoka kwenye duka moja mjini Tacoma, ambalo lilishindwa kueleza zilikokwenda bunduki zaidi ya 200. Mwaka 2004 duka hilo pamoja na kiwanda kilichotengeneza bunduki hiyo walikubali kulipa dola milioni 2.5.

Sheria inasemaje?

Wafanyabiashara wa silaha walilalamika kwamba kesi hizo zingewafilisi. Mwaka 2005 Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Kulinda Biashara Halali ya Silaha, na Rais George W. Bush akaitia saini. Sheria hiyo inazuia kesi nyingi dhidi ya viwanda na maduka pale bunduki inapotumiwa na mhalifu.

Hata hivyo, imeacha milango kadhaa wazi. Muuzaji anaweza kushitakiwa ikiwa:
- alimpa silaha mtu ambaye alijua, au alipaswa kujua, kuwa ni hatari;
- alivunja kwa makusudi sheria ya kuuza au kutangaza silaha, na uvunjaji huo ukasababisha madhara;
- bunduki yenyewe ilikuwa na kasoro.

Nani wamefanikiwa?

Mjini Milwaukee, kijana wa miaka 18, ambaye kisheria hakuruhusiwa kununua bastola dukani, alikwenda dukani na mwenzake wa miaka 21 ili amnunulie. Mwaka 2009 aliwapiga risasi polisi wawili, wakanusurika na majeraha makubwa. Mwaka 2015 wazee wa mahakama waliamua kwamba duka lilizembea, wakaagiza fidia ya karibu dola milioni 6.

Katika shambulio la shule ya Sandy Hook mwaka 2012, watoto 20 na watu wazima 6 waliuawa. Familia za marehemu tisa zilikishitaki kiwanda cha Remington kwa namna kilivyoitangaza bunduki iliyotumika. Mwaka 2022 zilikubaliana kulipwa dola milioni 73, fedha zilizotoka kwa kampuni za bima.

Na walioshindwa?

Mexico ilivishitaki viwanda vya Marekani mwaka 2021, ikisema vinasaidia bunduki kuwafikia magenge ya dawa za kulevya. Juni 2025 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani waliikataa kesi hiyo. Walisema Mexico haikuonyesha kwamba viwanda vilishiriki kuwasaidia wauzaji wanaovunja sheria.

Kwa hiyo, kuonyesha kwamba bunduki ilitoka duka fulani hakutoshi. Mdai lazima athibitishe kosa la muuzaji mwenyewe, kisha aonyeshe jinsi kosa hilo lilivyosababisha mtu kuumia au kufa.